Kibao cha kuchunga majani

Lucie, usicheke. Apana, usianze kucheka mbele nimalize.

Unajua yale majani na maua ya kando ya barabara hapa Kyeshero? Yale nilibembelezaka shefu wa avenue mwezi muzima, ili watu wa salongo, ile kazi ya usafi ya wote, wasiyafyeke, wamotari wasipaki pale, nzuki zipate chakula?

Ngombe zimekula. Ngombe ine!

Nimetoka mbio na ufagio mukononi. Namukuta muzee Ferdinand wa Masisi amekaa juu ya jiwe, ametulia sawa mutu mwenye kualikwa. Namuuliza: "Papa, haukuona kibao?"

Ananijibu: "Nimekiona, mama. Njo maana nimekuja."

NJO MAANA NIMEKUJA, Lucie!

Akanionyesha na fimbo. Tuliandika: HAPA NI PA KUCHUNGA MAJANI. Miye nilitaka kusema tuyachunge sawa vile mutu anachunga mutoto. Lakini yeye anachunga ngombe tangu utoto wake. Kwake kuchunga ni kumoja tu.

Na nani alisoma kile kibao mara tatu, akasema "iko bien"? Ni weye, madame la prof wa Kiswahili!

Kibaya zaidi, amenibariki. "Mungu akulipe, mama. Ku mji huu hakuna mutu anakumbukaka ngombe." Nikashindwa kumufukuza. Nikasema asante, na ufagio mukononi.

Kesho lete rangi, tuandike KULINDA. Na ukuje mbele ibada ianze, tafazali. Muzee ameniambia pasta atatangaza kibao chetu kanisani, ili wenye ngombe wote wajue.