Neno Nililomwambia Linda Mlangoni

Mama yangu,

Ungeniona leo ungeshangaa. Nimeshinda nyuma ya nyumba na reki, nimejifunga leso yako kiunoni, nakusanya majani. Ni mimi yule yule niliyekuwa nikiyajaza kwenye mifuko ya karatasi na kuyasukuma ukingoni mwa barabara yachukuliwe, nisiyaone tena.

Ulipokuja huku ughaibuni, Burnsville, kunisaidia na mwanangu Neema, miti ilianza kupukutisha majani kabla hujamaliza mwezi. Ulisimama dirishani na kikombe chako cha chai, ukatazama watu wakipanga mifuko nje. "Hawa wanatupa mbolea," ukasema. Nilicheka tu, nikaenda kazini.

Niliporudi ulikuwa umeshaanza. Neema anasukuma mashine ya kukatia nyasi juu ya majani, yanakatika vipande vidogo, nawe unamwelekeza kwa mkono kama mwalimu wa kwaya. Uliyachambua kwa vidole: haya laini ni ya shambani, haya magumu yanachelewa kuoza, yakae pale pembeni pamoja na maganda ya viazi. Halafu ukachukua vitunguu saumu vyangu vya kupikia, ukavipanda mistari minne, baridi yote ile, ukavifunika kwa majani. Ulisema kwa redio walikuwa wanasema ndivyo watu wa huku hufanya. Sikukusikiliza. Niliona umeniharibia vitunguu.

Majani yetu yakaisha, ukaenda kwa Linda, jirani wa ng'ambo ya barabara. Nilikuwa natoka shifti, nime-park, nikainua macho nikakuona. Umebeba mfuko wake mgongoni, kamba umeipitisha kwenye paji la uso, umeinama vile ulivyokuwa ukitubebea kuni. Magari mawili yamesimama yakupishe uvuke. Mama, nilikuonea aibu. Mgongo ule ndio ulionisomesha unesi, na nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Jioni ile Linda akagonga mlango. Wewe na Neema mlikuwa jikoni. Nilijua tu amekuja kulalamika, kwa hiyo sikumngoja afungue mdomo. Nilimwambia, "Samahani sana. Mama yangu ana dementia."

Lilinitoka hivyo, rahisi kabisa. Ni neno la kazini, nalitamka kila siku kuhusu mama za watu wengine kwenye makao ya wazee. Uso wa Linda ukabadilika, akanishika mkono, akasema pole sana, akaenda zake. Nilifunga mlango nikijiona nimeokoa mambo.

Wewe ulikuwa umelisikia kutoka jikoni, ukamwuliza Neema neno hilo ni nini. Akakujibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ni ugonjwa wa wazee kusahau. Ulimaliza kukata sukuma wiki, ukafuta kisu, ukaniita tukae.

"Wewe ndiye nesi," ukaniambia. "Niambie ukweli. Umeona nikisahau nini?"

Hapo ndipo ningesema. Dakika moja tu, ningesema nimedanganya kwa sababu ya aibu, ungenigombeza, ungenuna mpaka asubuhi, yangeisha. Badala yake nikasema, "Ni vitu vidogo tu, Mama. Usijali."

Uliniamini. Hilo ndilo linalonitafuna. Ulianza kuniuliza kama umeshatia chumvi, na ulikuwa umetia. Ukamwachia Neema kuwasha jiko. Linda akawa anakuongelesha polepole kwa sauti kubwa, nawe ukaacha kutoka nje. Hukuvuka tena barabara ile mpaka siku niliyokupeleka airport urudi nyumbani.

Vitunguu saumu vilitokeza theluji ilipoyeyuka. Mistari minne, imenyooka, inasukuma majani juu. Niliiangalia nikarudi ndani.

Hata wakati huo sikukwambia. Ukipiga simu ulikuwa unaanza na hesabu ya siku nzima kabla sijakuuliza hali. "Jana nilikula githeri na avokado. Nilienda kanisani, nikakaa na mama Wangari, tukarudi mvua ikinyesha." Nilijua unafanya nini. Ulikuwa unanifanyia mtihani nikusahihishie. Nami nikajibu, "Sawa, Mama," kama daktari. Hata ukiwa hospitali, pumzi ikikukatika, uliwataja wajukuu wote kumi na mmoja kwa mpangilio wa kuzaliwa, kisha ukaniuliza, "Sijaruka mtu?"

Hukuwa umeruka mtu. Wiki ile tulikuzika.

Juzi Linda alinikuta nje, akaniuliza habari zako. Nikamwambia umefariki. Akasema angalau umepumzika na ule ugonjwa. Nilikuwa karibu kusema asante. Kisha nikasema hukuwahi kuwa na ugonjwa huo, kwamba nilimdanganya kwa sababu nilikuonea aibu na mzigo wako. Akasema siku ile alikuja kukuambia kuna mifuko mingine minane nyuma ya gereji yake, na kama ungependa, kila mwaka angekuwekea.

Mwaka huu amenipa mimi. Nimeibeba mmoja mmoja, mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Neema alitaka tutumie toroli, nikakataa. Shingo inauma, Mama, sijui uliwezaje miaka yote ile. Watu walikuwa wanaangalia. Wacha waangalie.

Kwa hiyo nami nikupe hesabu ya siku. Jana nilipanda vitunguu saumu, mistari minne. Nimevifunika kwa majani laini, magumu nimeyaweka pembeni pamoja na maganda. Nilipika sukuma, nikatia chumvi mara moja. Neema amenisahihisha Kiingereza na mimi nimemsahihisha Kiswahili. Sijasahau kitu chochote. Kilichobaki ni kile kimoja nilichokuwa nakijua siku zote, kila ulipopiga simu, nikakuacha uende bila kukwambia: ulikuwa na akili zako zote, Mama, mpaka mwisho.

Nesi wako,
binti yako wa kwanza