Yangeyange wa Bwawa la Lurah

Mdogo wangu Lasmi,

Hujambo? Goti limepoa? Mimi dada yako nipo, meno yamebaki mawili na hayaelewani. Anayeniandikia ni mjukuu wangu Wening, maana mimi kalamu naijua kwa kuiona tu.

Sasa sikiliza. Mwalimu wao kawafundisha eti hadithi ina tumbo: mnyama ni mtu, ua ni jambo lililofichwa. Kila mtoto apeleke hadithi ya kwao, aipasue. Huyu akapeleka ile yangu, ya mamba aliyemkaribisha yangeyange kunywa maji, yangeyange asitoke tena, na pale alipozama likaota yungiyungi jeupe. Unaikumbuka? Kila Idi ukija nakusimulia, nawe unasema, dada, hadithi yako haina mkia, kama mbuzi wako. Yule mbuzi kafa, tuyaache.

Mtoto akaandika: mamba ni Lurah, mkuu wetu wa kijiji, maana bwawa la samaki ni lake peke yake. Yangeyange ni mtu wa shati jeupe aliyepotea. Mwalimu akamsifu, akamsimamisha aisome mbele ya wazazi. Lurah alikaa kiti cha mbele. Akapiga makofi, Lasmi, polepole, wenzake wameshamaliza.

Kesho yake malori ya kifusi yakaanza kumwaga bwawani. Leo Lurah mwenyewe kaja na wali wa kunata, akasema, bibi, mjukuu wako ana akili, kesho aje kwangu anisimulie tena, aje peke yake. Nikacheka, nikamwambia huyu muongo tu kama marehemu babu yake. Yeye hakucheka.

Nisamehe. Mumeo Karto hakukimbilia Sumatra. Mwaka ule wanajeshi walipokuwa wakichukua watu nilikuwa nafua, nikaona Lurah huyu huyu na watu wake wanamzamisha na shati lake jeupe, pale penye yungiyungi. Niliogopa kusema. Nikaona nikikusimulia kwa mamba na yangeyange, siku moja utaelewa mwenyewe. Kila Idi unamwekea sahani hapa kwangu, nami nakutazama. Mtoto kaelewa kwa siku moja.

Wening kaacha kalamu. Nimemwambia, andika, mwanangu, usifute kitu.

Barua hii anakuletea yeye, kwa basi la alfajiri. Pilipili hali, na akilala anapiga mateke. Usimrudishe. Ikija barua nyingine yenye jina langu inayomtaka, jua si yangu. Sina mwingine wa kuniandikia.

Wasalimie wa kwako wote, na goti ulikande kwa tangawizi.

Dada yako, Sumirah.
Nimeweka kidole gumba, kile chenye kovu la mundu.