Naanguka Kabla ya Kuguswa

Mpendwa Bi. Tazuko, sijawahi kuomba ushauri gazetini na ninaona aibu kuanza leo, lakini Jumapili inakaribia na sina mwingine wa kumwambia, kwa hiyo naomba unisikilize.

Mimi ni karani katika studio ndogo ya filamu za katuni hapa mtaa wa Asagaya, napanga ratiba na kuwapelekea wachoraji kazi zao, na jioni nafanya mazoezi ya aikido, ile sanaa ya Kijapani ya kumwangusha mtu kwa kugeuza nguvu zake mwenyewe, kwa Mwalimu Shinozaki, mzee wa miaka sabini na minne ambaye mwaka juzi alipasuliwa nyonga. Aliporudi hakuweza kugeuka kama zamani, kwa hiyo sisi wanafunzi tukaanza kumsaidia, akikushika mkono unaanguka mapema kidogo ili asijikaze, na kadiri siku zilivyokwenda tukawa tunaanguka mapema zaidi na zaidi, mpaka sasa anapunga tu mkono kwa mbali na sisi sote tunaruka chali kwenye mikeka, na anayeruka vizuri kuliko wote ni mimi. Hakuna aliyewahi kulizungumzia. Nilidhani ni heshima ambayo kila mtu anaielewa, yeye akiwemo.

Sasa studio yetu inatengeneza katuni ya mapigano, na mwongozaji wetu, Bi. Minagawa, ni mkali kwa mambo ya uhalisia, husema mtazamaji atakubali mtu aruke juu ya paa la hekalu lakini hatakubali mguu uliokanyaga vibaya kabla ya kuruka. Alipouliza nani anamjua bingwa wa kweli wa kutazamwa na wachoraji, mimi kwa kutaka nionekane wa maana nikamtaja Mwalimu. Wiki iliyopita akaja kwenye ukumbi wetu wa mazoezi na mchoraji wetu Dobashi, ambaye zamani alipigana ndondi za mateke ulingoni. Mwalimu akapunga mkono, tukaanguka. Dobashi akainama kwa adabu.

"Mwalimu, naomba na mimi nijaribu. Nitakuja na ngumi ya kweli."

"Njoo Jumapili," Mwalimu akasema. "Na usinihurumie. Mje na kamera."

Nikadhani Mwalimu atatafuta udhuru baadaye. Lakini tulipokuwa tunabadilisha nguo akaniwekea mkono begani. "Higuchi, uliona? Leo nilikuangusha kwa kidole kimoja. Ujanani sikuweza hivi. Labda ni nyonga iliyonifundisha."

Bi. Tazuko, anaamini. Siku zote hizo alikuwa anaamini.

Nilimkimbilia kaka Teramoto, mwanafunzi wa zamani kuliko sisi sote, nikamuuliza yeye huwa anasukumwa na nini.

"Na adabu," akasema. "Wewe je?"

"Lakini Mwalimu hajui!"

"Unaanguka kwa madaha kuliko sisi sote, halafu wewe ndiye wa kulalamika? Nyamaza, mdogo wangu. Dobashi naye ataanguka. Nani asiyeanguka?"

Dobashi hataanguka. Kwenye kituo cha treni aliniambia, "Mwambie mzee avae kinga ya meno. Mimi sijui kupiga nusu." Nikacheka, sijui kwa nini nilicheka. Nikimwambia Mwalimu ukweli nitamvunja moyo, na tangu mkewe afariki ule ukumbi ndio kila kitu kwake, nikinyamaza atavunjwa mwili mbele ya kamera niliyoileta mimi. Nifanye nini?

Ni mimi Higuchi, usilichapishe jina la studio.

JIBU

Higuchi, nimeisoma barua yako nikiwa nimeshika mdomo. Watu wazima, ukumbi mzima, mnamdanganya mzee kwa migongo yenu na mnaiita adabu?

Najua mlianza kwa wema. Mlimwonea huruma mgonjwa, na mngeishia hapo ningewasifu. Lakini anayetazama katuni zenu amekaa kwenye kiti chake akijua kwamba anadanganywa, na amekubali, ndiyo maana anafurahi. Mwalimu wako hakuulizwa. Na huyo Teramoto wako anayesema kila mtu ataanguka, mwambie asimame yeye mbele ya ngumi hiyo Jumapili.

Leo hii, kabla hujala chakula cha jioni, mwambie Dobashi ukweli wote. Mtu wa kupiga lazima ajue anampiga nani. Bi. Minagawa mwambie kesho asubuhi, na usijifiche nyuma ya ratiba zako. Kama anataka mtu arushwe bila kuguswa, wachoraji wake wamrushe, karatasi haina nyonga ya kuvunjika.

Kisha nenda kwa Mwalimu peke yako, kabla ya Jumapili. Usianze na hotuba, wala usilie. Simama mbele yake, umwombe apunge mkono. Akipunga, wewe simama. Atashtuka, na utatamani kuanguka kuliko ulivyowahi kutamani kitu chochote. Usianguke. Mwambie, "Mwalimu, tulianza kuanguka mapema kwa ajili ya nyonga yako, kisha hatukujua jinsi ya kuacha." Halafu umpe mkono wako aushike, kama siku ya kwanza alipokufundisha, na umkazie kweli.

Huenda asiweze. Basi mtakaa chini na kuongea, na atakuwa bado ana mwanafunzi mmoja. Huenda akaweza. Basi hapo anguka, kijana, maana utakuwa umeangushwa.