Pamba ya Gloire

Alhamisi, 16 Oktoba 2025

Nimetoka kazini Westmead, miguu inawaka moto. Nimempigia Mama huko Kongo, nikampa binti yangu Gloire simu amsalimie Koko wake, yaani bibi yake. "I don't know what to say, Mum." Akanirudishia. Ana miaka sita sasa! Kiswahili anakisikia chote, kukitamka ndiyo hataki. Mama alicheka tu, lakini ile sauti naijua. Imeniuma.

Jirani Haiwima katualika Jumamosi. Yeye Mhuichol, watu wa milimani kule Meksiko. Baba yake kaja kuwaimbia wajukuu — eti anawapeleka kwa wimbo mpaka nchi ya mababu, nao wamekaa chini tu. Bila tiketi! Nimecheka. Ila tutaenda.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimeduwaa. Uani, hapa hapa Merrylands, mtaani kwetu huku ugenini, mzee kaketi mbele ya ngoma, kofia ina manyoya, mahindi na maboga chini. Kamba imetundikwa vipande vya pamba: kila kipande ni mtoto, na kila mtoto leo ni ndege. Akauliza jina la binti yangu. Akamfungia chake!

Halafu akaimba, asubuhi mpaka jua linashuka. Wimbo ni safari yenyewe. Anataja mahali, wawili kando yake wanaitikia, watoto wanatikisa manyanga, wanasonga mbele. Haiwima ananinong'oneza: hapa kuna maji, hapa wanapumzika. Karatasi hana! Nami kwaya naimba nimeshika simu yenye maneno. Gloire, asiyemaliza hata wimbo mmoja kanisani, hakuinuka.

Jumapili, 19 Oktoba

Tumetoka kanisani. Gloire katia mchele kwenye chupa, anatikisa. "Do ours, Mum. To Koko's house."

Yetu! Nikaketi haraka asije akaghairi. Merrylands. Akaitikia. Uwanja wa ndege. Bujumbura. Uvira. Luvungi. Kamanyola — anaitamka vizuri huyu! Nyangezi.

Nikakwama. Kutoka Nyangezi mpaka mlangoni kwa Mama sijui kitu. Tulipokimbia vita nilikuwa mgongoni mwake, nimefunikwa kitenge. Yeye alirudi, mimi sijarudi. Aibu gani hii! "Then where?" Nikamwambia sijui, tumuulize Koko.

Mama kapokea, nimeweka spika. Gloire kaninyang'anya simu.

"Koko, kisha Nyangezi ni wapi?"

Mama anauliza ni nani anaongea. Namwambia: ni Gloire, Mama. Nasikia Mama anapenga kamasi.

Sasa anataja kijito, polepole. Gloire anaitikia. Mimi naandika hapa kando, sithubutu hata kukohoa. Wako njiani bado.