Ndege za Mama Hazipakwi Oili Chafu

Mama mpendwa,

Salamu nitakupa baadaye. Kwanza nimshtaki kwako mwanao Paskali. Zile ndege za mbao za watoto kuchezea, ulizotulea nazo, sasa anazipaka oili chafu. Ndiyo, ileile inayomwagwa kutoka kwenye magari ya watalii pale gereji Karatu mjini. Anajaziwa dumu bure, anachovya ndege nzima, kisha anaisugua kwa rangi ya viatu mpaka ing'ae. Halafu anawaambia watu hizo ni ndege za mama yetu. Za mama yupi?

Baba alikuwa akichonga, lakini kazi ya mwisho ilikuwa yako. Unakumbuka tulivyokaa nyuma ya jiko kule Endamarariek, mimi na Paskali tumeshika vipande vya msasa, vumbi jekundu likitua kwenye mabawa tuliyokwisha kuyalainisha, nawe ukituambia turudie? Nta ya nyuki uliiyeyusha kwenye kopo, na kopo ukaliweka ndani ya sufuria ya maji ya moto, maana moto wenyewe ungeiunguza. Ukaongeza mafuta ya alizeti za shamba letu, ukapaka kwa kipande cha kanga kuukuu. Siku ile muuza rangi alipokuletea vanishi, uliinusa, ukafunga mfuniko na kumrudishia.

Na kabla ndege haijatoka nyumbani, uliilamba bawa. Kila ndege! Majirani walicheka, Baba naye akacheka. Wewe ulisema, "Kama mimi siwezi kuilamba, mtoto wa mwenzangu ataitafunaje?"

Basi wiki iliyopita mwalimu wa chekechea ya kanisani alikuja dukani kwa Paskali kuchukua ndege za watoto wake. Watoto wa miaka mitatu, Mama, wale ambao kila kitu kinaishia mdomoni. Nilikuwepo. Niliposhika moja, vidole vikabaki vyeusi, na harufu ilikuwa ya gereji tupu. Nilimuuliza Paskali amefanya nini. Akaanza kunieleza kwamba nta siku hizi ni ya kutafuta, kwamba mbao yenye oili haiingiwi na mchwa, kwamba wageni wanapenda ndege nyeusi ionekane ya zamani. Kana kwamba sijui kuwa kwa jirani yetu alizeti bado zinakamuliwa na mizinga bado inarinwa! Eti sumu ni rahisi, basi ndiyo ya kuwapa watoto.

Nilimpa ndege mkononi, mbele ya mwalimu.

"Lamba," nikamwambia.

"Dada, usinifanyie hivyo."

"Lamba, Paskali."

Aliisogeza karibu na mdomo. Kisha akaishusha, akatazama chini. Mwalimu alirudisha ndege zote mezani na kuondoka mikono mitupu. Ulimlea kwa ile nta. Alikuwa akililia kopo likiisha, akitaka kukwangua nta iliyobaki. Amesahau vipi?

Nilijaribu kuzisafisha zile ndege. Haiwezekani, oili imeshaingia ndani ya mbao. Nikamwambia achonge nyingine, zote, na kopo lako nikampelekea bila kumsalimia.

Jana jioni alikuja nyumbani na moja. Haing'ai sana, rangi yake ni ileile ya mbao. Alisimama mlangoni, akailamba bawa kwanza yeye, ndipo akaninyooshea. Mimi sikumkaribisha kiti. Niliilamba upande wa pili.

Ilikuwa na utamu kidogo, wa asali iliyobaki kwenye nta. Nimekukumbuka Mama, mpaka nikaingia ndani ili Paskali asinione nikilia. Lakini bado nimemkasirikia, na kesho nitazilamba zote kabla hazijaenda kwa mwalimu.

Pumzika kwa amani. Kwa Paskali kopo lako liko tena kwenye maji ya moto.

Ni mimi, binti yako mkubwa.