Siku Niliyonunua Ndizi za Mume Wangu

Kyarumba, huku milimani ng'ambo ya mpaka

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu za binti yako Kavira, na za mwanao mpya Bwambale, ambaye sasa hivi ananichungulia begani asitake nikuambie kwamba anakoroma. Nimeshakuambia. U mzima? Goti bado linakuuma ukungu wa asubuhi unaposhuka? Sisi ni wazima. Nimenenepa! Mama mkwe haniachi hata niinue sufuria. Anasema bibi harusi ale kwanza, kazi haikimbii.

Kwenye simu unakata mara ninapotaja misa. Ndiyo maana nimemwomba Mama Katungu, muuza vitenge, akuletee barua hii mkononi. Barua haikatiki. Najua tangu tumzike kaka yangu Kambale hujakanyaga kanisani. Sikulaumu. Nataka tu kukueleza yaliyonipata Jumapili.

Mama, naikumbuka Butembo hadi harufu yake: moshi wa mikaratusi, maharagwe yaliyokesha jikoni, na baridi ile iliyotufanya mimi na Kambale tugombanie blanketi moja. Nakuona ukitutangulia kwenda misa ya kwanza, kitenge umekipandisha kisiguse tope, na Kambale nyuma akinipiga mgongoni kwa vidole, akifanya mazoezi ya ngoma ya kwaya. Uligeuka ukasema, "Kambale, mugongo ya dada yako iko ngoma?" Naye akajibu, "Mama, iko inalia muzuri!" Ninapopanda njia za huku, bado navisikia mgongoni vile vidole.

Shida hata huku ipo. Jumamosi mvua iliporomosha udongo ukafukia nusu ya kahawa yetu, nayo ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kuiva. Nilikaa chini nikasema: Mungu huyu huyu, tena? Asubuhi yake namwona mume wangu akikata mkungu wa ndizi mnono kuliko yote iliyobaki, aupeleke kanisani kwa shukrani.

"Unamshukuru kwa lipi?" nikamuuliza kwa hasira.

"Kwa wewe," akasema, mkungu begani. "Kahawa tutapanda tena. Wewe ningekupata wapi?"

Mama, mwanamume akuambie hivyo huku shati limejaa utomvu wa mgomba! Hasira ziliniisha, ingawa sala sikuwa nayo. Tangu mazishi nilikuwa nikienda kanisani kukaa tu, mdomo nimeufunga.

Hapa kwetu, misa ikiisha, zawadi za shukrani hupigwa mnada uani, na anayetaka kuongeza bei huinua mkono. Katekista hunadi kwa Kiswahili kwa sababu wapo Wakongo wenzetu, na askari wasiojua lugha ya huku. Zamu ya mkungu wetu ilipofika, kwaya ikaanza wimbo wa nyumbani, ule ambao Kambale aliupigia ngoma. Sijui ilikuwaje. Mdomo ukafunguka. Nikafumba macho nikaimba, na mikono ikapanda juu yenyewe.

"Bibi harusi ameongeza!" katekista akapiga kelele. "Tena kwa mikono mbili! Afande, unaongeza?"

"Mimi nimeshindwa," akasema askari. "Huyu iko na njaa."

"Bibi ya Bwambale ananunua ndizi ya Bwambale!" mama mmoja akadakia. "Nyumbani wanamunyima?"

Nilipofumbua macho, watu wote uani wananitazama mimi. Nikacheka hadi nikainama. Ndani ya kicheko kile yakaja machozi, yale ambayo hayakutoka siku ya kaburi. Mama mkwe akanikumbatia mbele ya watu wote. "Lia, mutoto yangu," akasema. "Mungu hakimbii machozi." Basi nikamlilia Mungu kwa sauti. Nilimuuliza kwa nini alimwacha kaka yangu kule shambani Beni, mikononi mwa wauaji. Hakunijibu. Lakini nilikuwa nimesema naye, Mama, baada ya kimya chote kile, na niliona wazi kwamba hakuwa amenipa kisogo. Bwambale wangu akalipia mkungu wake mwenyewe, akaurudisha nyumbani akiimba njia nzima kama mtu aliyenunua ng'ombe. Nampenda mtu huyu hadi naona haya!

Sitakudanganya kwamba moyo umepona. Kahawa bado iko chini ya udongo, na Kambale hatarudi. Ila nimejua kwamba hata mwenye hasira na Mungu anaweza kumwegemea. Kama huna asante, usimpe asante. Mpe hizo hasira. Mimi nilianzia hapo.

Msalimie shangazi Masika, anayelala kwako usiwe peke yako. Msalimie mdogo wangu Mbusa. Koti alilosahau kwenye harusi nimelifua. Na padri wetu, kama bado anapita mlangoni kukujulia hali, mwambie asichoke.

Ijumaa ni siku ya soko Mpondwe. Nitashuka mapema nikungoje upande huu wa mpaka, twende kanisani Bwera pamoja, hata kama utakaa tu. Mimi nitasali kwa ajili yetu sote wawili. Na usipokuja Ijumaa hiyo, nitakungoja Ijumaa inayofuata.

Ni mimi Kavira wako, mke wa Bwambale