Bakuli Tatu za Chatne

Mama,

Shikamoo. Kuna jambo sijapata kumwambia mtu yeyote, si baba, si shangazi, wala Mwajuma ninayekaa naye dawati moja. Nakuambia wewe kwanza kwa sababu wewe ndiye niliyekudanganya. Siku ile ulipokaa uani ukanitajia chatne zako ili niziandike, sikuandika hata moja.

Ilikuwa mwezi wa Shaabani, alasiri. Kikohozi kilikuwa kimeshakuanza, lakini bado tulikiita mafua. Ulikuwa umekaa juu ya mbuzi unakuna nazi, ukaniita kwa sauti iliyofika mpaka vyumba vya mbele: "We Rukia! Mwalimu wangu! Lete daftari na kalamu. Leo nakusomesha mie."

Nikaja na daftari, na chini ya daftari nikaja na kitabu cha jiografia. Kitabu kile kilikuwa kimoja kwa wasichana sita. Zamu yangu ilikuwa siku hiyo tu, na asubuhi yake nilitakiwa kumpa mwingine. Mtihani ulikuwa umekaribia. Naeleza tu yalivyokuwa, mama, sijitetei.

Wewe ulisoma msahafu kwa kidole, mstari baada ya mstari, lakini kuandika hukufundishwa, wala herufi za shuleni hukuzijua. Uliwahi kunieleza kwamba chuoni kwenu Lindi, mlipofundishwa Kurani, mwalimu aliwakataza wasichana wasishike kalamu, wasije wakawaandikia wanaume barua. Ulicheka ulipokuwa unasimulia. Nadhani ndiyo sababu ulipenda kuketi karibu nami nikiandika. Ulisema kalamu yangu inakwenda kama kuku anayedonoa mtama. Ukitazama ukurasa uliojaa wino ulitikisa kichwa kwa furaha, bila kujua umeandikwa nini.

Sasa ngoja nikukumbushe Idd zako, maana huku hakuna tena anayezitaja vizuri.

Hapa mtaani kwetu Temeke kila nyumba ilikuwa na chake. Kwa Bi Mwanahawa, aliyepanga chumba cha mbele, palikuwa na kaimati. Nyumba ya pili walipika biriani. Kwetu watu walikuja kuchovya. Ulikuwa ukitandika mkeka mkubwa uani, ukaweka sinia la bajia za kunde, sinia la kachori, na mihogo ya kukaanga iliyokatwa vidole vidole. Katikati uliweka bakuli tatu: nyeupe ya nazi, ya kijani ya embe bichi na kotimiri, na nyeusi ya ukwaju na tende. Hapakuwa na kijiko. Ulisema kijiko kinamfanya mtu ajione mgeni.

Sheria yako ilikuwa moja tu, na uliitangaza kila mwaka umesimama, mikono kiunoni: "Ukishauma, usirudishe! Bajia moja, mchovyo mmoja. Nyie wa mwisho pale, nawaona."

Bi Mwanahawa alikuwa wa kwanza kuivunja. "Mie sikuja kula, Mama Rukia, nimekuja kukupa mkono wa Idd tu," alisema, huku bajia yake imeshazama kwenye nyeupe mpaka vidoleni.

"Basi toa huo mkono kwenye bakuli unipe," ulimjibu, na uani kote watu wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango wa jikoni, kama kawaida yangu, kwa kuwaonea watu haya. Ulinijua. Ulinipitishia kachori moja iliyochovywa nyeupe, kwenye upenyo wa mlango, bila kugeuka nyuma. Kila Idd ulifanya hivyo. Sijui kama kuna aliyewahi kuona ila sisi wawili.

Ile nyeupe ndiyo waliyoitaka watu. Nyingine zilipatikana hata kwa wengine. Nyeupe walijaribu wote wakashindwa. Mwenyewe ulisema msingi wake uliupata mjini, kwenye nyumba ya Wahindi ulikofua nguo kabla hujaolewa, lakini kilichoifanya iwe yako ulikigundua peke yako. Hata shangazi Zuhura hukumwambia, na yeye alikaa siku nzima jikoni akikuchungulia.

Siku ile ya Shaabani uliamua kuniambia mimi.

Ulianza na ya ukwaju, ukafuata ya embe. Uliongea polepole, ukinisubiri niandike. Mimi kitabu nilikiweka juu ya mapaja, daftari juu yake nusu, na nilikuwa nanakili habari za Ziwa Nyasa. "Ukwaju uroweke, usiuchemshe," ulisema, nami nikaandika: Ziwa Nyasa ni refu na jembamba. Sikio langu moja lilikuwa kwako. Nilijiambia nitakumbuka, usiku au kesho nitaandika, chatne ni chatne.

Ulipofika kwenye nyeupe ukaacha kukuna. Ukaisaga nazi pale pale kwenye jiwe, pamoja na pilipili mbichi, chumvi na ndimu. Kisha nikasikia ukisema, "Halafu hii. Hii ndiyo yenyewe. Unaiona?"

Nilikuwa nachora ramani ya ziwa, upande wa mashariki, pale mto unapoingia. Mkono ukitetemeka pale, ramani yote inaharibika.

"Naiona, mama," nikasema. Sikuinua kichwa.

"Kidogo tu, hivi. Umeona kipimo?"

"Nimeona."

Mama, sikuona. Nilipomaliza kingo za ziwa nikatazama, ulikuwa umeshapangusa vidole kwenye kanga yako, na bakuli lilikuwa jeupe tu kama siku zote. Sijui ilikuwa unga au jani au tone la kitu. Sijui uliitoa wapi. Kwenye mkeka palikuwa na visahani vingi.

Ukaniambia, "Haya, nisomee mwalimu." Nikashika ukurasa wa Ziwa Nyasa, nikakusomea maneno yako mwenyewe niliyoyakumbuka, ukwaju uroweke, usiuchemshe. Nilipofika kwenye nyeupe nikasema, "Halafu ile, kidogo." Uliridhika. Ulidhani nimeificha makusudi ili shangazi asije akaijua. Ulinigonga begani ukasema, "Msiri wangu."

Jioni baba aliporudi ulimwonyesha daftari. Unamjua baba na magunia yake. Kutwa nzima bandarini kazi yake ni kutia alama ya penseli nyekundu kwa kila gunia linaloshushwa, na mazoea hayo alikuja nayo mpaka nyumbani. Hata gazeti alilisoma hivyo, polepole, midomo ikicheza, na kila ukurasa aliomaliza aliutilia alama ndogo pembeni chini asije akaurudia. Ulikuwa ukimtania: "Baba Rukia, leo gazeti limeshusha magunia mangapi?" Siku hiyo hakulifungua daftari. Alikuwa amechoka. Alikusikiliza tu ulipomwambia, "Vyote vimo humu. Hata mie nikiondoka, Idd mtachovya." Ukalifunga kwenye kanga ukaliweka sandukuni, chini kabisa.

Idd ile ulifanya chatne zako mara ya mwisho. Nilikuwa karibu yako kutwa. Ningeweza kuuliza. Kila nilipotaka kufungua mdomo nilifikiri, nikimuuliza atajua sikuandika. Nikasubiri mwaka mwingine. Mwezi wa Mfungo Tano tukakuzika.

Nilifaulu mtihani ule, mama. Swali la Ziwa Nyasa halikutoka.

Mwaka huu, siku mbili kabla ya Idd, shangazi Zuhura alikuja kutoka Magomeni na mapakacha mawili ya nazi. Alikaa chini, akavua ushungi, akasema, "Kaka, watu wananiuliza njiani. Kwa marehemu tunachovya au hatuchovyi? Daftari si lipo?"

Baba aliinuka. Akaenda chumbani, nikasikia ufunguo wa sanduku. Akarudi na ile kanga yako, akaifungua, akanipa daftari mkononi bila kunitazama usoni. "Msomee shangazi yako," alisema. Akatoka nje barazani.

Nilifungua ukurasa ule. Nilibana pembe ya chini kwa kidole gumba ili ukurasa usigeuke. Ziwa Nyasa ni refu na jembamba. Nikasoma: ukwaju uroweke, usiuchemshe. Shangazi, ambaye naye hakusoma shule, aliitikia kwa kichwa. Nikasoma ya embe, nikakosea kotimiri, nikarudia. Tulipofika kwenye nyeupe akasogea karibu kabisa, miaka mingapi aliisubiri saa hiyo.

"Enhe? Baada ya ndimu?"

"Binzari nyembamba," nikasema. "Iliyokaangwa. Kidogo."

"Binzari!" Shangazi alipiga kofi pajani. "Miaka yote hiyo, binzari tu! Wifi yangu alikuwa mjanja yule!" Akalia, akacheka, akalia tena.

Tulizitengeneza zote tatu. Siku ya Idd mkeka ulitandikwa, masinia yakapangwa, watu wakaja wengi kuliko mwaka jana, maana walitaka kukukumbuka. Sikujificha nyuma ya mlango. Nilisimama pale pale nikitazama mikono yao.

Bi Mwanahawa alichovya nyeupe, akatafuna. Akachovya tena ileile bajia aliyoiuma, na hakuna aliyemkaripia. "Tamu," alisema. "Tamu, Mungu awape. Ila... " Akanitazama, akabadilisha. "Mtoto amejitahidi." Wengine walichovya mara moja kwa adabu, kisha wakahamia kwenye ukwaju, na baada ya muda wakawa wanakula mihogo mitupu wakizungumza habari nyingine. Shangazi alichovya mara tatu, kila mara akifumba macho. Mara ya tatu alisema taratibu, kama anajisemea, "Si binzari."

Baba aliingia kutoka barazani akiwa na kanzu yake ya Idd. Akachutama mbele ya bakuli, akachovya nyeupe, akala. Watu wakamngoja. Akasema, "Hii ndiyo ya mama yake Rukia." Akaendelea kuichovya mpaka bakuli likabaki na mistari ya vidole tu. Sijawahi kujichukia kama saa ile. Nilijua nimempa mtu binzari, naye anaipokea kana kwamba ni wewe.

Leo ni Idd tatu. Asubuhi baba alipokwenda kumsindikiza shangazi kituoni aliacha sanduku wazi. Nilichukua daftari nikaenda nalo jikoni nikatie moto ukurasa wa Ziwa Nyasa, ili asije siku moja akausoma. Nilipoufungua niliona kitu kwenye pembe ya chini, pale nilipokuwa nimebana kidole gumba. Alama ndogo ya penseli nyekundu. Na pembeni yake alama nyingine.

Nikafungua ukurasa wa nyuma yake. Alama mbili. Nikarudi mwanzo wa daftari. Hesabu za sehemu, alama mbili. Imla, alama mbili. Shairi tulilopewa tulikariri, alama mbili. Ya kwanza ilikuwa imeanza kufifia, ya pili mpya zaidi. Amepita daftari lote, mama, mwanzo mpaka mwisho, kisha akalirudia lote tena. Hata kurasa za mwisho ambazo hazijaandikwa kitu zina alama mbili kila mmoja.

Kwa hiyo amejua. Sijui tangu lini, labda tangu wiki ile ya matanga, alipokuwa akijifungia chumbani tukadhani anasoma msahafu. Alijua aliponikabidhi daftari. Alijua aliposema chatne ile ni yako. Nadhani mpaka siku ile ya Idd alikuwa bado anatumaini kwamba kama haimo kwenye daftari basi imo kichwani mwangu. Akachovya, akajua haimo humo pia. Sasa hakuna mahali pengine pa kutafuta.

Nimejaribu kukumbuka. Nafumba macho naona mkeka, kanga yako ya maua ya zambarau, jiwe, visahani. Naona mkono wako unanyanyuka. Hapo naona ziwa. Kila mara naona ziwa, na mto wake, na jina la mto nililoliandika vizuri kwa herufi kubwa.

Sikuombi unisamehe. Ungekuwa hai ungenisamehe kabla sijamaliza sentensi, ndiyo maana siwezi kuomba sasa. Nilitaka ujue tu kwamba hukuacha siri yako kwa mtu. Uliitaja hewani, alasiri, na mimi nilikuwa nimekaa karibu.

Ukurasa sikuuchoma. Nilifunga daftari kwenye kanga kama lilivyokuwa, fundo likitazama upande uleule, nikalirudisha chini ya sanduku. Nikaosha bakuli tatu, nikazifuta, nikazipanga kabatini. Baba akarudi, akavua viatu, akauliza kama kuna bajia zilizobaki. Nikamwambia zipo. Nikazileta kwenye sahani pamoja na chai, nikakaa naye mkekani, tukazila kavu.

Mimi binti yako,
uliyemwita mwalimu